Ukitaka Gazeti Lako Mwenyewe



Wiki hii nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la watu wa Dar es Salaam peke yao, wenye mitambo mikubwa na maghala ya karatasi. Jambo lenyewe ni kutoa gazeti. Sina maana ya gazeti kama hili ambalo baadhi yenu mtayasoma mazungumzo haya ndani yake. Nina maana ya gazeti dogo, la ukurasa mmoja au minne, la kijiji, la mtaa, la shule, la chama cha ushirika, hata la kikundi cha akina mama wanaowekeana fedha. Linatengenezwa kwa vifaa gani, na nani anaweza kuvipata?

Kwanza tujiulize linahitajika kwa nini. Ukisimama katikati ya mji wa Morogoro ukainua macho, unaiona milima ya Uluguru imekusimamia kama ukuta. Huko juu, Nyandira, Tchenzema na Mgeta kwa jumla, wananchi wanalima kabichi, karoti, njegere na viazi. Upande wa pili, Kinole na Mkuyuni, kuna ndizi, mananasi na viungo. Mazao hayo hushuka kwa lori mpaka Soko la Chifu Kingalu, lile jipya lililofunguliwa mwaka 2021, na mengine hayasimami hata hapo bali huendelea moja kwa moja hadi Dar es Salaam. Sasa mkulima aliyeko juu anaijuaje bei ya chini? Mara nyingi anaambiwa na mlanguzi yule yule aliyekuja kununua. Mtasema leo simu zipo. Ni kweli zipo. Lakini simu humwambia mtu mmoja mmoja, na bei inayonong'onwa sikioni si sawa na bei iliyoandikwa ukutani, ambayo wauzaji wote wameiona na mlanguzi naye anajua kwamba wameiona.

Hali kadhalika fedha za wananchi. Kijiji kimechanga kwa ajili ya darasa au bomba la maji. Zimekusanywa ngapi, zimetumika ngapi, zimebaki wapi? Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 uko mkutano mkuu wa kijiji, na hesabu husomwa hapo. Lakini hesabu iliyosomwa kwa mdomo jioni, watu wakiwa na haraka ya kurudi nyumbani, nani ataikumbuka kesho yake? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata daftari likifungiwa kabatini, habari haipo.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1937 mwenye duka mmoja wa Dar es Salaam, Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, alianzisha gazeti lake la Kiswahili akaliita Kwetu. Hakuwa na serikali nyuma yake wala misheni, na magazeti mengi ya Kiswahili kabla ya hapo yalikuwa ya mmoja kati ya hao wawili. Miaka ishirini baadaye, 1957, TANU ikaanza kutoa Sauti ya TANU. Hiyo haikupigwa chapa katika kiwanda chochote. Ilikuwa ni karatasi zilizotolewa kwa mashine ya kudurufu, lakini ilisomwa na kuwatia wakoloni joto. Kisha likaja Elimu Haina Mwisho, lililoanza Mwanza mwaka 1974 kwa ajili ya watu waliokuwa wametoka tu katika madarasa ya kisomo cha watu wazima. Waliolianzisha walielewa jambo moja: mtu mzima aliyejifunza kusoma, asipopata cha kusoma, baada ya mwaka mmoja herufi zinamtoka.

Basi tuje kwenye vifaa. Gazeti la bei ndogo kuliko yote ni la ukutani. Unahitaji karatasi ya manila, au karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji ikiwa safi, rula, penseli, kalamu na gundi. Gundi usinunue. Chukua unga wa muhogo, uukoroge kwa maji baridi kwanza ili usifanye madonge, kisha upike kama uji mzito mpaka uanze kung'aa. Inashika vizuri. Ubaya wake ni kwamba mbuzi huipenda kuliko wasomaji, kwa hiyo bandika juu, pale mbuzi hafiki.

Kalamu ichague kwa kufikiria mvua. Upande wa mashariki wa Uluguru hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata siku isiyonyesha ukungu huingia mpaka chini ya baraza. Kalamu nyingi za rangi za watoto wa shule ni za wino wa maji. Unyevu ukifika, habari yako inageuka kuwa mchirizi wa bluu. Penseli haichuruziki. Kalamu ya kawaida ya wino mzito wa mafuta haichuruziki. Maka peni iliyoandikwa kwamba haifutiki nayo inafaa. Ukiweza, mwombe fundi seremala akutengenezee kisanduku chembamba chenye mlango wa kioo au nailoni ngumu, na ufunguo ukae kwa mtu anayejulikana. Ufunguo huo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, nami nitaurudia.

Sasa upangaji wa ukurasa. Wengi huanza kuandika kona ya juu kushoto na kuendelea mpaka karatasi iishe, kama barua. Gazeti si barua. Lipime kwanza kwa penseli hafifu. Juu kabisa weka jina la gazeti, tarehe na namba ya toleo; tarehe usiisahau kamwe, maana bei ya karoti isiyo na tarehe ni uongo unaosubiri mtu wa kuuamini. Chini yake gawa safu. Kwa manila iliyolazwa, safu tatu zinatosha. Kwa karatasi ya kawaida ya A4, mbili. Mstari mrefu unaotoka ukingo hadi ukingo huchosha jicho, msomaji akirudi kushoto anapotea mstari. Ila safu nazo zisiwe nyembamba mno, kwa sababu maneno yetu ya Kiswahili ni marefu. Neno kama "walivyowasaidia" likiwekwa kwenye safu ya vidole vitatu linaila nusu nzima.

Likibidi kukatwa, likatwe kwenye silabi: wali-vyowasaidia, siyo walivy-owasaidia. Hapa niwaonye vijana wa kompyuta. Programu nyingi huja zimewekwa kwa Kiingereza, na zikiachiwa kukata maneno zinakata kwa kanuni za Kiingereza, matokeo yake ni vichekesho. Nenda kwenye sehemu ya lugha, chagua Kiswahili, au zima kabisa huko kukata maneno. Zima pia ile tabia ya kukusahihishia kila unachoandika. Ipo programu ya bure inayoitwa LibreOffice kwa kuandikia, na nyingine, Scribus, kwa kupangia kurasa. Zote mbili hazilipiwi na hazihitaji intaneti zikishawekwa. Itakufurahisha kujua kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa mwaka 2004 programu ya ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Kwa hiyo anayedai kwamba kompyuta haiwezi Kiswahili, mwambie amechelewa.

Ukubwa wa herufi upime kwa miguu yako. Bandika karatasi, rudi nyuma hatua tatu, habari isomeke. Rudi hatua kumi. Kichwa cha habari kisomeke. Wala usiandike yote kwa herufi kubwa ukidhani unasisitiza. Neno lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu huwa kama tofali, yote yanafanana. Acha pia nafasi nyeupe. Mtu anayejaza kila kona kwa kuogopa kupoteza karatasi anapoteza msomaji, ambaye ni ghali zaidi.

Likitoka ukutani likawa la kugawa, utahitaji kulizidisha. Wenye umri wangu wanaikumbuka mashine ya kudurufu ya Gestetner, ile iliyokuwa katika ofisi za shule na za chama. Ulikuwa unaondoa utepe wa taipureta, unapiga herufi juu ya karatasi ya nta, herufi inatoboa nta, kisha wino unapenya hapo. Ukikosea unapaka dawa yake nyekundu, unangoja ikauke, unapiga upya. Mikono ilikuwa inabaki myeusi siku mbili. Siku hizi kuna duka la fotokopi karibu na kila shule na kila ofisi ya wilaya, na kazi ni nyepesi, ila kila nakala ina bei yake. Kwa hiyo mkunjo ni muhimu. Karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati na kuichapa pande zote inakupa kurasa nne. Mbili zinakupa nane. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa, kurasa zinatoka tatu baada ya sita. Dawa yake ni hesabu ya darasa la pili: katika gazeti la kurasa nane, kurasa mbili zilizolala pamoja upande mmoja wa karatasi lazima jumla yake iwe tisa. Nane na moja, mbili na saba, sita na tatu, nne na tano. Kwa kurasa nne jumla ni tano. Kunja karatasi tupu kwanza, andika namba kwa penseli, uikunjue utazame. Hilo tu.

Kifaa kingine ambacho hakionekani kuwa kifaa ni kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu imekuwapo tangu 1981, na BAKITA nalo likatoa Kamusi Kuu mwaka 2015. Gazeti lenu likichanganya r na l katika kila mstari, mwenye kuchukia habari iliyomo atapata kisingizio cha kuicheka badala ya kuijibu.

Na watakaochukia watakuwapo. Nilitaja Sauti ya TANU. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa kashfa kutokana na yaliyoandikwa humo kuhusu wakuu wawili wa wilaya wa kikoloni. Akapatikana na hatia, akatozwa faini ya pauni 150, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au kifungo cha miezi sita; faini ikalipwa. Karatasi ya kudurufu, kurasa chache, na ilifika mahakamani kama gazeti lolote. Usidhani basi kwamba udogo wa gazeti lako ni kinga. Andika "fedha zilizokusanywa ni kiasi hiki, risiti zilizoonekana ni za kiasi hiki", uishie hapo. Ukiandika "mtunza fedha ni mwizi" unahitaji ushahidi ambao pengine hata polisi hawana. Na umpe nafasi ya kujibu, katika toleo lile lile, katika ukurasa ule ule.

Huko Uluguru nina wasiwasi wa pekee juu ya ardhi. Mashamba mengi ni ya koo, na ukoo kwa Waluguru hufuatwa upande wa mama. Mgogoro wa shamba moja unaweza kuwa na shina lililopita miaka sitini. Mwandishi kijana akiuandika kwa maneno ya mjomba mmoja tu, amewasha moto ambao hana ndoo ya kuuzima. Asikilize pande zote, na kama hawezi, aache.

Upo pia upande wa serikali. Sheria ya Magazeti ya 1976 haipo tena. Tangu 2016 kuna Sheria ya Huduma za Habari, na gazeti linahitaji leseni. Kabla hujaanza kusambaza au kuuza, nenda ukaulize Idara ya Habari, MAELEZO, na ofisi ya wilaya yako, ili karatasi yako inahesabiwa kuwa nini ujue mapema. Kuna wanaosema kuuliza ni kujitafutia kukatazwa. Mimi naona aliyeuliza na kujibiwa ana barua mkononi, na asiyeuliza ana visingizio.

Nilisema nitaurudia ufunguo. Usikae kwa mwenyekiti wala kwa mtendaji, hata wakiwa watu wema kiasi gani, kwa sababu siku habari yao itakapoandikwa wataulizwa kwa nini sanduku halifunguki. Ukae kwa watu wawili waliochaguliwa na mkutano, mmoja wao mwanamke, na wapokezane kila baada ya miezi mitatu. Malori yanayoshusha kabichi kutoka Nyandira kupitia Langali na Sangasanga hurudi juu karibu matupu. Dereva apewe bahasha yenye bei za sokoni za siku ile, zimesainiwa na aliyeziandika. Toleo la kwanza lisiwe na hotuba ya mhariri wala picha ya mgeni rasmi. Liwe na bei hizo, hesabu ya mchango wa mwisho, siku ya zahanati ya watoto, na nafasi tupu chini kabisa, yenye penseli iliyofungwa kwa kamba, ili anayebisha aandike papo hapo.