Kijana Wako Anapojifunza Kuendesha Gari

Leo tumzungumzie yule aliyemaliza kidato cha nne na sasa anauliza funguo za gari ziko wapi.

Sheria ya Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuendesha gari barabarani, hata kama ni mpaka dukani tu. Akifikisha umri huo, apate leseni ya muda kutoka NTSA, ajiunge na shule ya udereva, na gari analojifunzia liwe na alama ya L mbele na nyuma. Mwalimu huketi kando yake.

Lakini mama, kupita mtihani si kukomaa. Miezi ya kwanza ya kuendesha peke yake ndiyo ya hatari zaidi, hasa usiku, na hasa gari likijaa marafiki, kwa maana wenzake humchochea akimbize. Kwa hivyo mtu mzima mwenye leseni na uzoefu aendelee kuketi naye: kwanza mchana, kisha wakati wa mvua, kisha gizani. Marafiki wasubiri. Kila mtu afunge mkanda, hata wa kiti cha nyuma. Na simu je? Aizime mpaka afike. Atanuna. Mwache anune.