Mchongaji, Ghala na Jina: Hotuba ya Katibu katika Sherehe ya Miaka Kumi



Kinyago hiki kilicho mezani, ambacho Halmashauri imekiandaa kiwe zawadi ya mgeni wetu, kilinunuliwa Dar es Salaam. Ni cha mpingo, nacho ni cha namna iitwayo ujamaa: watu wengi wamepandana na kushikana katika gogo moja, wala hujui wapi huyu anakoma na mwenziwe anaanza. Nilimwuliza muuzaji ni nani aliyekichonga. Akajibu, "Mmakonde." Nikataka jina, hakulijua. Kwa hiyo nimeomba ruhusa niseme machache juu ya wachongaji, ijapokuwa sisi wa Kakese ni watu wa mpunga na mahindi.

Wamakonde ni watu wa nyanda za juu zilizo pande mbili za Mto Ruvuma: Newala na Tandahimba upande wetu, na Mueda upande wa Msumbiji. Wazee wao husimulia kwamba kiumbe mmoja aliishi peke yake porini, akachonga sanamu ya mwanamke, akaisimamisha, na kulipokucha akaikuta i hai. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa kando ya mto, hakuishi. Wa pili naye vivyo hivyo. Walipohamia juu nyandani, wa tatu akaishi. Basi si ajabu kwamba sanamu ya mama ina heshima kubwa kwao, na ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama. Walichonga pia mapiko, barakoa za mti mwepesi za kuchezewa ngoma ya jando. Hizo hazikuwa bidhaa. Zilifichwa, na mgeni hakuuziwa.

Biashara ilikuja baadaye. Wengi walivuka Ruvuma kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na wengine wakakimbia baada ya mauaji ya Mueda ya Juni 1960 na vita vilivyoanza 1964. Dar es Salaam walimkuta mfanyabiashara Mohamed Peera, aliyenunua kazi zao na kuwatia moyo wabuni. Samaki Likankoa hutajwa kuwa ndiye aliyeanza vinyago vya shetani, na Yakobo Sangwani vile vya ujamaa. Majina hayo yamehifadhiwa. Ya wengi wengine yamepotea ndani ya neno moja, "Mmakonde".

Mpingo ni mgumu mno. Tezo huruka na patasi hupoteza makali. Mtu hufanya kazi majuma kadhaa, na siku anapomaliza unga umekwisha nyumbani. Mnunuzi anajua hivyo, naye hana haraka. Lakini tazameni: huko huko Newala na Tandahimba, mkulima akivuna korosho huzipeleka ghalani, akapewa stakabadhi, na chama kikuu chao, TANECU, huziuza kwa mnada. Mpango huo wa stakabadhi ulianza Mtwara mwaka 2007. Una malalamiko yake, nasi twayajua ya kwetu, ila mkulima haendi sokoni peke yake. Korosho ina ghala, kinyago hakina.

Wakamba wa Kenya walilitambua jambo hili. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga hapa kwetu Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya kwanza, akarudi kuwafundisha wenziwe. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba waliunda chama cha ushirika Changamwe, Mombasa. Huko mwanachama ana nambari yake, nayo huandikwa juu ya kazi yake. Ikiuzwa, chama hukata sehemu yake na yeye hupata iliyobaki. Wako wanaosema kwamba ushirika huua sanaa, kwani kila mtu huchonga twiga yule yule. Neno hilo lina ukweli. Mapiko hayatatoka katika duka la namna hiyo. Lakini twiga amesomesha watoto.

Tena kuna mti wenyewe. Mpingo huhitaji miaka 70 au zaidi kabla ya kufaa kukatwa. Ulipowapungukia Wakamba, baadhi yao waligeukia mwarobaini. Kilwa, vijiji vilivyotengewa misitu yao vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha utunzaji, na hivyo vikauza mpingo wao vyenyewe. Sisi tunao mninga na mkurungu. Tunaviona vikipita barabarani vikiwa magogo, kisha twanunua vitanda kutoka mbali.

Hoja itakayoletwa mbele yenu alasiri hii ni fupi. Maseremala wetu, na wachonga vinu, mizinga na mipini walio wanachama, wapewe chumba kimoja katika ghala la zamani la mbolea; mti uwe wenye kibali; na kila kazi iandikwe jina la aliyeifanya. Makato ya chama mtayapanga nyinyi wenyewe. Daftari nimekwisha kulipigia mistari, nalo liko kwa mtunza ghala.