Taka Zako, Gharama ya Nani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kaole)



Katibu alinitaka nichague jambo linalohusu kazi yangu na linalowagusa vijana. Mimi ni mtumishi wa halmashauri, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni mapato na usafi. Kwa hiyo nitasema juu ya taka, na hasa juu ya swali moja: nani alipe gharama ya kuziondoa? Najua hii si mada ya karamu. Lakini sote tumekula, na mabaki ya pilau yako pale nyuma ya jiko yakitungoja.

Kaole ni mahali pazuri pa kuuliza swali hili. Kila mwanafunzi wa hapa amepelekwa walau mara moja kuyaona magofu, yaani misikiti ya mawe na makaburi yenye nguzo. Mambo mengi tunayoyajua juu ya wenyeji wa zamani yametokana na vitu walivyovivunja wakavitupa, kama vile vigae vya vyombo kutoka China. Kigae hakikumdhuru mtu. Taka nyingine za wazee wetu zilikuwa majivu, mifupa ya samaki, vifuu na makumbi, na hata makumbi yalisokotwa kamba. Yaliyobaki yalioza.

Leo ukilimwaga kapu la taka utakuta chupa za plastiki, betri, nepi za watoto na vifungashio vya kila rangi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hatua hiyo imesaidia. Lakini chupa na vifungashio vimebaki, na vitu hivi haviozi. Masika yakifika, maji huvisukuma hadi kwenye mikoko. Anayevitoa ni mvuvi, vinapoingia katika wavu wake badala ya samaki.

Ndugu zangu, hapa ndipo ilipo hoja yangu. Hakuna taka inayotupwa bure. Kila mara yupo anayelipa. Ukichoma plastiki uani, jirani mwenye pumu analipa kwa kifua chake. Ukimwaga mtaroni, anayelipa ni yule anayekaa chini ya mteremko. Kwa hiyo tusibishane kama tulipe au tusilipe. Tujadili kama gharama ibebwe na aliyetupa taka, au apachikwe mnyonge asiyekuwa na habari.

Jiji la Dar es Salaam limetufundisha somo hili kwa uchungu. Kwa miaka mingi taka za jiji zilimwagwa Tabata, katikati ya makazi ya watu. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu. Jiji likaamriwa kuacha, likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza muda zaidi, akieleza kwamba kuwahatarishia watu afya zao ni kuvunja haki yao ya kuishi iliyomo katika Katiba. Malori yakageuza njia, yakaelekea huku kwetu kaskazini, Kunduchi Mtongani. Huko nako Festo Balegele na wenzake wengi wakafungua kesi, nao wakashinda. Vijana, ione hesabu hiyo: mji mzima ulitupa, na mitaa miwili ikatakiwa kulipa kwa afya yake.

Mwaka 1994 jiji lilikabidhi uzoaji wa taka katika kata za katikati ya mji kwa kampuni binafsi, ambayo ingelipwa kwa ada za wananchi na wafanyabiashara. Wengi hawakulipa. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kazi iligawanywa kwa makampuni mengi na vikundi vya mitaani, vikiwemo vya akina mama na vijana. Taka nyingi zaidi zikazolewa, lakini tatizo la ada likabaki.

Kwa nini watu hawalipi? Wenzangu wa ofisini husema wananchi hawana mwamko. Mimi sikubali. Wazee wetu walitozwa kodi ya vibanda na Wajerumani tangu 1898, na sisi tuliikuta kodi ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003. Mtu wa pwani anajua tangu kwa babu yake kwamba stakabadhi huwahi kufika, huduma ikachelewa. Katika mji mmoja niliowahi kufanya kazi, nilimfuata mama mmoja muuza chakula nikamweleza juu ya ada ya usafi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, karatasi nimeiona. Mkokoteni ndio sijauona." Sikuwa na jibu, kwa sababu kweli mkokoteni haukuwa ukipita kwake.

Wapo pia wanaouliza: kama tunalipa kodi, ada ya nini tena? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba kodi haitofautishi mtu wa kapu moja na mwenye baa anayetoa viroba kumi kila asubuhi. Zote zikiondolewa kwa fedha za kodi ya wote, mwenye kapu anamlipia mwenye baa. Huo nao ni unyonyaji, ijapokuwa hauonekani. Ada ya kiwango kimoja kwa wote ina kasoro hiyo hiyo.

Wenzetu wa Korea Kusini walilikabili jambo hili tangu tarehe 1 Januari 1995. Kila nyumba hununua mifuko maalumu ya taka, na bei ya mfuko ndiyo ada yenyewe. Atupaye kidogo hununua mifuko michache. Karatasi, chupa na makopo yaliyotengwa huchukuliwa bila malipo ya mfuko. Sisemi tuuchukue utaratibu huo kama ulivyo. Hapa kwetu mfuko ukiwa ghali, taka zitahamia mikokoni usiku. Lakini msingi wake ni wa haki: lipa kwa kadiri unavyotupa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mtaa una nyumba 200, na kila nyumba inatoa kilo 2 kwa siku. Hizo ni kilo 400 kwa siku, au tani 12 kwa mwezi. Lori la tani 3 litahitaji safari 4, na kila safari ina mafuta, dereva na wapakizi. Wakilipa wote, mzigo ni mwepesi. Ikilipa nusu, ama ada iwe mara mbili, ama lori lije mara mbili tu na nusu ya taka ibaki inaoza. Lisipokuja, hata waliolipa wataacha. Hivyo ndivyo utaratibu mzuri unavyokufa.

Kwa maoni yangu, yapo mambo manne ya kuzingatia. Kwanza, mkokoteni utangulie stakabadhi: siku ya kuzoa ijulikane, na ada ianze baada ya watu kuona kazi. Pili, hoteli, baa, masoko na maduka makubwa yatozwe kwa wingi wa taka zao, na nyumba za kawaida ada ndogo. Tatu, wazee na wasiojiweza wasamehewe, na mkutano wa wananchi ndio uwataje, kwa maana majirani wanajuana. Nne, mapato na matumizi yasomwe katika mkutano huo huo, shilingi kwa shilingi.

Nanyi vijana, msingoje halmashauri. Ombeni mizani jikoni, mpime taka za shule kwa mwezi mmoja, mabaki ya chakula mbali na plastiki mbali. Mabaki yaende shambani yawe mbolea. Mtashangaa jinsi mzigo wa kulipia utakavyopungua, na siku afisa kama mimi atakapokuja na ada yake, mtakuwa na takwimu za kumbana nazo.

Kuhusu sisi wakubwa, Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja. Chupa na masahani ya plastiki ya karamu ya leo ni yetu, lakini tukiondoka jioni vijana hawa ndio watakaoachiwa shimo na kiberiti. Chama kilipe gari la kuziondoa, na gharama hiyo iingizwe katika mchango wa kila mkutano kuanzia huu. Mimi nimeshampa Mweka Hazina fungu langu, na stakabadhi ninayo. Tungoje gari pamoja.