"Tutamsaidia mkulima": Mkulima Gani?

Leo tuongee juu ya ahadi ambayo haikosi kwenye kampeni yoyote: serikali itamsaidia mkulima mdogo. Swali ni hili: msaada unamfikiaje? Njia ni tatu hivi, na kila moja ina wenyewe.

1. Mbolea ya ruzuku. Mwaka 2023 bei ya mfuko wa kilo 50 ilishushwa kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500. Hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini ili uipate hiyo elfu moja, lazima kwanza uwe na 2,500 mfukoni, na nauli ya kufikisha mbolea nyumbani. Mwenye ekari ishirini anabeba mifuko mingi. Mwenye robo ekari akikosa pesa ya mfuko mmoja, hajasaidiwa na mtu.

2. Bei nzuri ya mahindi. Serikali inanunua kupitia Bodi ya Nafaka. Poa sana kwa mwenye magunia ya kuuza. Ila wakulima wengi wadogo mahindi yao huisha kabla ya mavuno mengine, halafu wanarudi sokoni kununua unga kama mtu wa mjini. Bei ikipanda, nao wanaumia.

3. Pesa mkononi. India ilianza mwaka 2019: familia ya mkulima inapata rupia 6,000 kwa mwaka, kwa awamu tatu, moja kwa moja kwenye akaunti. Hata sisi si wageni. Inua Jamii hutuma shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 kwenda juu. Kwa hivyo kutuma pesa tunajua.

Wanaopinga wana hoja pia. Wanasema pesa italiwa na shamba libaki vile vile, na hazina haina za kutosha. Ni haki kuuliza zitatoka wapi. Lakini ruzuku ya mbolea nayo inalipwa na kodi hiyo hiyo.

Sasa, kiini cha mambo ni orodha. Kule India mpango unafuata rekodi za ardhi, basi anayelima shamba la kukodi anaachwa nje. Hebu fikiria hapa kwetu. Hati iko kwa jina la baba mkwe aliyefariki kitambo, na mama ndiye anaamka alfajiri na jembe. Tukifuata hati, pesa itaenda kwa nani?

Kwa hivyo mgombea akija na hiyo ahadi, msimpigie makofi bado. Muulizeni: orodha itaandikwa na nani? Anayekodi shamba yumo? Mama asiye na hati yumo? Na msaada utafika kabla ya mvua ya Machi, ama mahindi yakiwa tayari magotini?

Akijibu hayo manne, hapo sasa tunaweza kuongea.