MOTOKAA YA DAKTARI IWE NA SIKU YAKE

Ndugu wafanyakazi,

Leo twataka kusema juu ya wenzetu wenye maradhi ya kudumu, hasa presha na ugonjwa wa sukari. Maradhi haya hayaishi kwa sindano moja. Mwenye nayo hula dawa kila siku, hata siku anapojiona mzima. Akiacha dawa ya presha, pengine hasikii neno leo. Lakini mshipa wa kichwani waweza kupasuka kesho, na mkono ulioshika nyundo ukapooza.

Kwa nini watu huacha dawa? Si ujinga. Mtu wa Kaloleni au Maringo akifuata dawa zake hushika foleni tangu alfajiri. Kibarua hupoteza mshahara wa siku hiyo. Basi huchagua chakula cha watoto, na dawa hungoja.

Ndiyo sababu twataka kliniki ya gari ije mitaani kwetu. Lakini tuulize, gari la namna gani? Mwaka 2014 Bi Margaret Kenyatta, mke wa Rais wa wakati huo, alianzisha mpango wa Beyond Zero, wa kupeleka kliniki za magari katika kaunti, hasa kwa akina mama na watoto wachanga. Ilikuwa kazi njema. Lakini mama hujifungua akamaliza. Mgonjwa wa sukari hamalizi. Gari likija mara moja, likapima watu damu, likaenda zake, limemwambia mtu kwamba ni mgonjwa, kisha limemwacha njiani.

Sisi wa reli twajua jambo hili. Abiria haji stesheni kwa sababu gari la moshi ni zuri. Huja kwa sababu ajua saa yake.

Tena jambo hili lawezekana. Mwaka 2013 Madaktari Wasio na Mipaka walianza vikundi huko Kibera. Wagonjwa 25 mpaka 35 ambao hali yao imetulia, wa Ukimwi pamoja na wa presha na wa sukari, walikutana kila miezi 3 mbele ya muuguzi, wakachukua dawa, wakaenda zao. Daktari akapata nafasi ya kuwatazama wagonjwa wazito.

Basi Chama chetu kiombe mambo haya kwa Kaunti ya Nairobi na kwa waajiri:

1. Gari lije siku moja isiyobadilika, jioni au Jumapili.
2. Dawa ziwe ndani ya gari, si vipimo tu.
3. Kila mgonjwa awe na kitabu chake, ili akihama Bahati kwenda Jericho asianze upya.
4. Siku ya kliniki isikatwe mshahara.

Wahudumu wa afya wa mitaani, waliopewa mikoba ya vipimo na serikali mwaka 2023, wajulishwe siku hiyo, wamfuate nyumbani asiyeonekana.

Ndugu, mgonjwa wa namna hii si mzigo. Akipata dawa kwa wakati, hufanya kazi na kulipa ada ya Chama kama sisi sote. Tusingoje mpaka tumchangie mazishi.

Umoja ni nguvu.