Fidia ni Haki, si Sadaka
Hotuba ya Katibu katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kuzisifu korosho zilizopita katika maghala yetu kwa muda wa miaka kumi, nasi hatutarudia maneno yao. Sisi twataka kuwakumbuka watu waliozibeba korosho hizo mabegani.

Misimu michache iliyopita, mchukuzi mmoja aliteleza katika ghala la chama kimoja cha msingi, hapa hapa pwani yetu. Alikuwa juu ya rundo la magunia, na gunia la korosho, kama mjuavyo nyote, hukaribia kilo 80. Alianguka, gunia likamfuata, mguu ukavunjika. Tulifanya lile ambalo wengi wangalifanya: tulimpeleka hospitali, tukapitisha kofia, tukampa mkewe unga na pole. Kisha tukasema, "Ajali haina kinga," tukarudi mnadani.

Tulipokuja kutambua kwamba mtu yule alikuwa na haki yake kwa sheria, tulilitafuta jina lake katika daftari la chama. Halikuwamo. Palikuwa na neno moja tu, "vibarua", na mbele yake jumla ya fedha. Tena miezi kumi na miwili ilikuwa imekwisha kupita. Kosa hilo lilikuwa letu sisi viongozi, na ndiyo sababu ya hotuba hii.

Sheria ya fidia si jambo jipya katika nchi yetu. Serikali ya kikoloni iliitunga ya kwanza mwaka 1948. Lakini kwa sheria ile mzigo wa kulipa ulikuwa juu ya mwajiri mwenyewe au bima yake, na aliyeumia hakuwa na budi kumdai bwana wake. Na mnyonge humwogopa ampaye riziki.

Leo mambo ni mengine. Kwa Sheria Na. 20 ya mwaka 2008 uliundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa Tanzania Bara. Mfuko ulianza kupokea michango mwezi Julai 2015, na kulipa mafao mwezi Julai 2016. Mchango hutolewa na mwajiri peke yake. Si halali kumkata mfanyakazi hata senti moja. Tangu mwaka 2022 kiwango cha waajiri binafsi ni nusu asilimia ya mishahara, sawa na kile cha serikali. Kwa mlinzi wa ghala apokeaye shilingi 200,000 kwa mwezi, chama hutoa shilingi 1,000. Ndugu zetu, katika ile kofia tulitia zaidi ya hizo, na bado hazikumfikisha mgonjwa mwezi wa pili!

Na aliyeumia kazini hupata nini? Hupata matibabu. Hupata asilimia 70 ya mshahara wake kwa muda asioweza kufanya kazi, muda usiozidi miezi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30, hulipwa fedha kwa mkupuo. Ukizidi hapo, hulipwa pensheni kila mwezi. Akifariki, Mfuko hutoa msaada wa mazishi, na mjane wake na watoto wake hulipwa.

Wala si kuvunjika tu. Ugonjwa uletwao na kazi nao huhesabiwa. Mama zetu wabanguao korosho wajua jinsi mafuta ya ganda yanavyounguza mikono. Vijana wapulizao salfa kuzuia ubwiriunga wajua jinsi inavyowasha macho. Kibarua naye ni mfanyakazi mbele ya sheria hii. Lakini mkulima apaliliaye shamba lake mwenyewe hana mwajiri, na sheria hii haimfikii. Hilo twalisema wazi ili mtu asije akadanganyika.

Sasa basi, twaomba mambo matatu.

Kwanza, kila chama cha msingi kijiandikishe katika Mfuko na kutoa mchango wake kila mwezi, tena kiwe na daftari la wafanyakazi na vibarua: jina, kazi, siku na ujira. Na tukiwapa kazi ya uchukuzi watu wa mkataba, tudai kwanza kuona cheti chao cha kuandikishwa.

Pili, aliyeumia aseme siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo, na mashahidi waandikwe. Mwajiri ana siku saba za kutoa taarifa kwa Mfuko tangu apate habari.

Tatu, madai yapelekwe kabla ya miezi kumi na miwili kwisha. Asiyejua kuandika asione haya kuja ofisini. Kazi ya katibu ni kuandika.

Wako watakaosema kwamba haya yatawazoesha watu kudai. Twawajibu kwamba sisi wenyewe tuliungana katika ushirika ili tupate kudai bei ya haki ya korosho zetu. Haifai tuliyoyadai kwa wanunuzi tuwanyime wachukuzi wetu.

Mchukuzi yule yupo nasi leo, naye hutembea kwa mkongojo. Hatutamtaja jina, ila twamwomba radhi mbele yenu. Twapendekeza mkutano huu uazimie kwamba mnada wa kwanza wa msimu ujao usifunguliwe katika ghala lolote la vyama vyetu ambalo daftari lake halijaandikwa majina ya watu.

Ushirika udumu.