Muulize Bibi Kabla ya Kitabu

Julai 1905, huko Nandete, Umatumbi, watu waling'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima na serikali ya Wajerumani. Ndivyo Vita vya Maji Maji vilivyoanza. Ripoti za maofisa wa Kijerumani zipo, lakini humo mkulima anaitwa mwasi. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini, wakakaa na wazee waliovishuhudia vita vile, wakaandika walichosimuliwa. Bila kazi ile tungebaki na upande mmoja tu.

Kazi ya namna hiyo hata wewe unaiweza, bila kusubiri kutumwa na mwalimu. Chagua swali dogo: familia yetu ilihamiaje kijiji cha ujamaa miaka ya 1970? Muulize bibi, kwa idhini yake. Andika tarehe, mahali, na hili ambalo wengi hulisahau: aliona mwenyewe, au alihadithiwa? Na nani? Usimkatize. Akinyamaza, nyamaza naye. Mara nyingi neno zito huja baada ya kimya hicho.

Kisha tafuta maandishi: barua, stakabadhi za kodi, kadi ya chama iliyo sandukuni, nyaraka za Taifa. Yakipingana na maneno ya bibi, usifute lolote. Andika yote mawili, kisha uliza kwa nini.

Wazee waliohojiwa 1968 hawapo tena. Waliohamishwa miaka ya 1970 bado tunao. Nenda wiki hii.